Gusa Pua Kwanza

Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza. Nimepoa miaka mingi. Nilipoa nikiwa kazini kwa sababu mwanamke akipandisha sauti kwenye chumba cha upasuaji huambiwa amechoka, aende akanywe chai. Sasa nimestaafu, chai ninakunywa yangu mwenyewe hapa mtaa wa Dallas, Embu, na hakuna wa kunitoa kwenye mkutano. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaosomea picha za matibabu, mnaotengeneza programu za kumwongoza daktari ndani ya kichwa cha mtu, kaeni chini tuongee.

Mwezi uliopita mlinialika Meru kwenye kongamano lenu. Nashukuru kwa mwaliko na kwa ile kofia mliyonipa. Akasimama kijana mmoja mwenye akili nyingi, nitamwita Brian, kutuonyesha mfumo wenu mpya. Ukutani akaweka hatua mlizoziondoa ili upasuaji uende haraka. Ya kwanza kabisa ilikuwa yangu.

"Hii ya kugusa pua tumeitoa," akasema. "Sistimu inajicheki yenyewe. Na mkiangalia kesi za zamani, mashine haikuwa na shida. Shida ilitoka kwa mgonjwa."

Chini yake kulikuwa na maneno mekundu: KOSA LA MGONJWA. Mfano mkaweka mmoja: mafuta ya maombi. Watu wakacheka.

Waliocheka niliwaona. Kando yangu alikuwa ameketi mwalimu mmoja kutoka Githongo niliyekuja naye, mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani, na hakuna aliyeuliza ni nani. Yeye hakucheka.

Nianze na kazi yenyewe, maana naona wengine wenu mnaijua kwa kompyuta tu. Mtu ana uvimbe kwenye ubongo. Siku moja kabla ya kupasuliwa tunambandika stika ndogo za mviringo kichwani, tunampiga skani, na zile stika zinaonekana kwenye picha. Kesho yake akishalala usingizi wa dawa, tunachukua kijiti ambacho mashine inakifuata kwa kamera, tunagusa stika moja baada ya nyingine, na mashine inalinganisha kichwa na picha. Tangu hapo, ukigusa popote kichwani, skrini inakuonyesha uko wapi ndani. Ni kama kulaza ramani juu ya shamba. Ukiilaza upande, ramani haina kosa na shamba halina kosa, lakini utachimba shimo kwa jirani.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Daktari Nthiga, mpasuaji wa zamani, marehemu sasa. Mkali sana. Alikuwa na tabia ya kukugonga vidole kwa kalamu ukiitazama skrini kabla ya kumtazama mgonjwa. Mimi nilikuwa nimetoka masomoni na fizikia yangu yote, najiona. Nikamwambia hatuwezi kufanya utafiti kwa sababu vichwa vya bandia vya majaribio vinauzwa ng'ambo na hospitali haina pesa.

"Wawira," akasema, "huko kwenu Kibugu hakuna maboga?"

Basi tukaanza na maboga. Tulikuwa tunakata kifuniko, tunaficha kokwa moja ya makadamia ndani na ganda lake, tunafunika, tunabandika stika, tunapiga skani. Halafu unaingiza sindano ukifuata skrini mpaka usikie ganda limegongwa. Ganda la makadamia ni gumu, halikudanganyi. Ukisikia "tak", umefika. Wageni fulani walikuja wakauliza kichwa chetu cha majaribio ni cha kampuni gani, Nthiga akawajibu bila kucheka kwamba ni cha Embu. Watoto wangu walikula maboga yenye matundu mpaka wakaanza kuomba ugali mkavu.

Siku moja nikaingiza sindano, hakuna tak. Nikarudia. Hakuna. Mashine ilikuwa imeniambia ulinganisho ni mzuri ajabu, rangi ya kijani kabisa. Nthiga alikuwa amesimama mlangoni anakula muwa.

"Mashine ilikwambia nini?"

"Ilisema iko sawa, Daktari."

"Ilisema nini iko sawa?"

Nikafikiria. "Stika."

"Na mimi nilikutuma stika?"

Kumbe baada ya skani, wakati nimeenda kula, alikuwa amezibandua zote na kuzisogeza upande mmoja, akihifadhi mpangilio wake vile vile. Mashine hupima tu kama stika bado zimekaa zilivyokuwa, hii kwa ile. Zikihama pamoja, yenyewe inafurahi. Haijui boga, haijui makadamia, wala haijui mtu. Ndiyo maana ni lazima, kabla ya kukata, uguse kitu ambacho si stika na ambacho hakiwezi kuhama. Kwenye boga ni kikonyo. Kwa mtu ni ncha ya pua. Ukigusa pua na skrini ioneshe pua, endelea. Ikionesha kitu kingine, weka kisu chini. Ni hatua fupi kuliko kupiga chafya, na hiyo ndiyo mmeifuta ili kuokoa muda! Muda wa nani?

Haya. Mwalimu wa Githongo anaitwa Kagendo. Alifundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya ya kanisa lao. Uvimbe wake ulikuwa upande wa kushoto, mbele kidogo ya mahali maneno yanapokaa ubongoni. Alipoelezwa, swali lake lilikuwa moja tu: "Nitaongea?" Daktari Mutwiri, aliyekuwa mkuu wetu wakati huo katika hospitali nitakayoiacha bila jina, akamwambia kwa mashine hii mpya ataongea na ataimba. Mashine ilikuwa imefika majuzi kuchukua nafasi ya ile ya enzi za maboga. Waliotuletea walikuwa wametuma wageni waje watazame upasuaji kupitia kioo, na Mutwiri alikuwa amenunua viatu vipya.

Jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, stika zikiwa tayari kichwani, akina mama wa kanisa walikuja kutoka Githongo. Nyinyi mnaotoka huku mnajua, mtu haingii kupasuliwa bila kuwekewa mikono, na mikono huwekwa pale pale panapouma. Hawawezi kuombea kichwa wakiwa wameshika mguu. Wakamzunguka kitandani, wakamimina mafuta, wakamshika kichwa, wakaomba kwa Kimeru mpaka wodi nzima ikaitikia amina. Walipoondoka, mamake Kagendo akabaki kulala naye.

Asubuhi nikagusa stika zote. Kijani. Wageni nyuma ya kioo wakatikisa vichwa kwa furaha. Mutwiri akanyoosha mkono apewe kisu.

"Bado pua," nikasema.

"Prof, si umeona mwenyewe iko sawa? Hawa watu wanangoja."

"Waambie wangoje. Gusa pua."

"Leo hatuna hiyo time ya Nthiga."

Nikaenda nikasimama kati yake na kitanda. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nesi akatazama sakafu. Mutwiri akachukua kijiti kama mtu anayemnyamazisha mtoto, akagusa ncha ya pua ya Kagendo.

Kwenye skrini, kijiti kilikuwa kimegusa mdomo wa juu.

Akagusa tena. Mdomo. Akagusa kati ya macho, skrini ikasema ni katikati ya pua. Kichwa chote kilikuwa kimeinama kwenye picha kuliko kilivyolala kitandani. Nikainua chachi iliyofunika stika, nikazinusa. Mafuta. Nikazitazama vizuri, nikaona kila moja, ukilinganisha na picha, imerudi nyuma karibu upana wa kidole gumba. Mpangilio ulikuwa mzuri kabisa. Kama angekata kwa kufuata skrini, angeingia nyuma ya uvimbe kwa upana huo huo, pale pale maneno ya mwalimu yalipokaa.

Hatukukata. Kagendo akaamshwa bila kupasuliwa, na wageni wakaenda kula chakula cha mchana.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hiki ndicho kilichonifanya nikalia kwenye gari. Mutwiri alitoka mpaka kwenye ukumbi wa nje, akamkuta mamake Kagendo ameketi kwenye benchi na chupa yake ya mafuta mkononi. Akasimama juu yake mbele ya watu wote.

"Ni wewe umeguza hizo vitu? Unajua umekaribia kuua mtoto wako? Wewe na mafuta yako!"

Yule mama alikuwa mkulima wa kahawa, amevaa sweta ya Jumapili, miguu haifiki chini vizuri. Alikuwa anaitazama ile chupa tu. Nilimwambia Mutwiri aondoke, na neno nililotumia silirudii hapa kwa kuwa wajukuu wangu husoma. Kisha nikaketi.

"Mami, zile stika ulifikiri ni nini?"

"Si dawa?" akasema polepole. "Ile ya kuingia na ngozi. Nilijua ni dawa. Zilianguka na mafuta, nikaogopa atakosa dawa. Nikapanguza, nikarudisha pahali pakavu, nyuma kidogo. Nilizipanga vile zilikuwa, daktari. Zote. Sikupoteza hata moja."

Hakupoteza hata moja! Alikesha akiitunza dawa ya binti yake kwa uangalifu ambao sijauona kwa wanafunzi wangu wengi wa uzamili. Hospitali nzima, na fizikia yetu na mashine yetu na viatu vya Mutwiri, haikuwa na mtu hata mmoja aliyefikiria kumwambia anayelala kando ya mgonjwa kwamba stika ni alama za picha, na zikianguka aite nesi.

Kikao kikaitishwa. Mutwiri akasema iandikwe ni kosa la upande wa mgonjwa, na maombi yapigwe marufuku wodini. Wenzangu wakakubali haraka, maana ukishasema mgonjwa ndiye mwenye kosa, wote mnaenda nyumbani mapema. Mimi nikakataa. Tulibishana mpaka chai ikapoa na mandazi yakaisha, na yaliisha kwa sababu waliokuwa upande wa Mutwiri walikuwa wanakula badala ya kujibu. Mwishowe nikawaambia kitu ambacho hata mtoto angekiona: maombi kwanza, stika baadaye. Mnagombana na Mungu wa watu kwa sababu ya ratiba?

Wakaandika walichotaka kuandika. Lakini ratiba nilibadilisha.

Akina mama walipokuja tena, walimwekea Kagendo mikono na kumimina mafuta wanavyopenda. Walipomaliza, tukampangusa kichwa kwa spiriti, tukafumua mistari ya nywele iliyobaki kwa sababu nywele zilizosukwa huvuta ngozi, na ukizifumua baada ya skani ngozi inarudi kwake na stika zinaifuata. Tukabandika stika kwenye paji na nyuma ya masikio, ambapo ngozi haichezi, mbali na kisogo kinacholalia mto. Tukazitawanya bila kuzipanga mstari. Nikachora duara kuzunguka kila moja kwa kalamu ya wino usiotoka upesi, kisha tukampiga skani upya. Mambo haya mnayasoma leo kana kwamba yalishuka kutoka mbinguni. Yalitoka kwenye kichwa cha Kagendo.

Halafu nikamweleza mamake kila kitu na kumpa kazi ya kulinda. Aliilinda! Mutwiri alipopita kukagua, alinyoosha mkono kuelekea kichwani, yule mama akausukuma kando. "Usiguze," akamwambia. "Hiyo ni ya picha."

Siku ya pili tukagusa pua, na pua ikawa pua. Uvimbe ukatoka. Kagendo alipozinduka tulikuwa tumesimama kando ya kitanda, mimi nikiwa nyuma ya nesi kwa sababu sikutaka kuonekana. Akafungua macho, akajipapasa upande wa kichwa, akauliza kwa sauti iliyonyooka kabisa, "Ni nani amenyoa hii upande moja kama mbuzi?"

Tulicheka mpaka tukaambiwa tutoke.

Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa mwisho wa kisa hiki nilipokisimulia. Nilikisimulia darasani, nikakisimulia kwenye sherehe ya kustaafu kwangu, kila mara nikimalizia na mbuzi, na watu walipiga makofi. Nilidhani nimeshinda. Hatua ya kugusa pua iliingia kwenye mafunzo, stika zikachorewa duara, maombi yakawa kabla. Lile neno lililoandikwa siku ile, kosa la mgonjwa, sikujua kwamba lilibaki mahali fulani likisubiri kuwekwa rangi nyekundu.

Najua mtaniambia mfumo wenu hauna stika. Unasoma sura ya mtu kwa mwanga. Vizuri. Na mgonjwa akilazwa kifudifudi uso ukavimba? Na plasta ya mpira wa kupumulia ikivuta shavu? Mashine yenu italinganisha shavu lililovutwa na shavu lililolala, itapata namna ya kujiridhisha, itawaka kijani, nanyi mtakata. Msiniletee rangi. Nimeiona hiyo kijani tangu enzi za maboga.

Turudi kwenye kongamano. Brian alipomaliza, akauliza kama kuna maswali. Nilikuwa nimeshainuka nusu, hotuba yangu tayari mdomoni, na ilikuwa na meno. Kagendo akanishika mkono, akasimama yeye.

"Kijana, habari ya leo," akasema. Ile sauti ya mwalimu iliyozoea kufika dawati la mwisho. "Hapo umeandika kosa la mgonjwa. Huyo mgonjwa ako na jina?"

Brian akatabasamu kwa adabu. "Hapana, madam. Majina huwa tunatoa. Hiyo ni data tu."

"Ni mimi."

Kagendo akaondoa kile kitambaa cha buluu, akageuza kichwa ili kovu lionekane, mstari mrefu juu ya sikio la kushoto. Hakuharakisha.

"Mimi ninaongea," akasema. "Mnanisikia. Bado naimba, na darasa langu bado linaniogopa. Hayo ni ya Mungu, na ya huyu Prof na pua yake. Lakini hapo hamkuandika mimi. Hapo mmeandika mami wangu. Yeye ndiye aliguza."

Nilidhani amemaliza. Nilikuwa najua habari za mamake kwa kiasi kwamba alifariki mwaka juzi, na nilikwenda mazishini Githongo nikala na kuzika kama watu wengine. Sikuwahi kuuliza zaidi ya hapo.

"Baada ya siku ile hakunishika kichwa tena," Kagendo akasema. "Hata nikiugua homa. Hata tukiombeana nyumbani, wote wanashika kichwa, yeye anashika mkono. Nikamwambia, Mami, Prof amesema haikuwa wewe. Anasema, daktari alisema ni mimi, na daktari amesoma. Alipokuwa anaenda, alituita atubariki. Ndugu zangu wote aliwawekea mkono kichwani. Mimi nikapiga magoti kama wao, nikainamisha kichwa, nikangoja." Akafunga kitambaa chake tena, taratibu, fundo nyuma. "Alinibariki kwa bega."

Akaketi.

Ile hotuba yangu yenye meno sikuitoa. Brian alikuwa bado ameshika kile kidude cha kubadilishia picha, na yale maneno mekundu yalikuwa bado ukutani juu ya kichwa chake, akageuka akayatazama kama mtu anayeyaona mara ya kwanza. Alipokuja kwangu watu walipokuwa wanakunywa chai, macho yake hayakuwa makavu.

"Prof, pua tunarudisha," akasema. "Ikikosa kuguswa sistimu haitafunguka. Lakini hapo kwa kosa, sasa tuandike nini?"

Nikamwambia aandike: hatukumweleza mama.